Maji ya Sinza na Maji ya Tandale
Somo la afya kwa wenye mashamba wanaongojea wachumaji



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mikarafuu yenyewe: kuotesha miche, kupalilia, kuanika, na ule ugonjwa wa mkarafuu kufa ghafla uliowatoa machozi wazee wetu. Leo nataka tusome habari za watu wanaoparamia mikarafuu hiyo na kutuchumia. Lakini nitaanza mbali kidogo na shamba. Nitaanza Dar es Salaam, katika mtaa wa Sinza, ambako wengi wetu tuna watoto na ndugu, na ambako mimi mwenyewe nilikaa wiki tatu kwa mpwa wangu.

Sinza ni mtaa ulionyoka. Ukisimama kwenye kona unaona njia mpaka mwisho wake, na gari hupita bila kugusa ukuta wa mtu. Nyumba ya mpwa wangu ina bomba uani, tangi juu ya mnara mdogo wa matofali, na shimo la maji machafu lenye mfuniko wa zege. Shimo likijaa hupiga simu, likaja gari la kunyonya, na kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Si mtu tajiri, ni mtumishi tu. Bomba nalo si la kutegemea kila siku. Oktoba 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua, jiji zima lilipewa maji kwa zamu, na Sinza nayo ilingoja. Lakini mwenye tangi hungoja kwa starehe kuliko mwenye ndoo.

Siku moja jioni tulikwenda kwa miguu mpaka Tandale kutafuta mchele. Ni mwendo mfupi tu, hata jasho halijakauka mara mbili. Hapo njia zikaanza kupinda, kisha zikawa nyembamba, kisha tukawa tunapita mmoja mmoja kati ya kuta, choo cha huyu kikipakana na jiko la yule. Nikamwona mama mmoja anauza maji kwa madumu. Nikamwuliza, "Mama, haya ni ya kunywa?" Akacheka. "Ya kunywa na ya kufulia ni haya haya, baba yangu. Tofauti ni ndoo."

Yafaa tufanye hesabu hapa. Mwenye bomba hulipia yuniti, nayo yuniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Mwenye kununua kwa dumu hulipa mara 50 ndipo apate maji hayo hayo, na kila dumu ndani yake mna faida ya mwenye kisima na ujira wa mwenye mkokoteni. Basi ndivyo ilivyo katika miji mingi ya Afrika: mwenye kipato kidogo hununua maji ghali zaidi, na ambayo hana hakika nayo. Na kwa kuwa ni ghali hutumia machache, na anapobana matumizi jambo la kwanza kuachwa ni kunawa mikono.

Je, tofauti hii imetoka wapi? Haikutoka katika tabia za watu. Watu wa Tandale si wachafu; niliona nyua zimefagiwa kuliko za kwetu. Imetoka katika ramani. Miaka ya 1970, Serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilipima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikapasua barabara na kuleta mabomba kabla ya watu kujenga. Manzese, ambayo watu walikwisha kujijengea wenyewe, haikubomolewa bali ilitengenezwa kidogo kidogo pale ilipo. Ulikuwa mpango mwema. Viwanja vile vipya vilikusudiwa watu wa kipato cha chini, ingawa vingi mwishowe viliangukia mikononi mwa wenye uwezo zaidi, kama ilivyo kawaida ya kitu kizuri kinachogawiwa. Jiji likaendelea kukua kuliko wapimaji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, na sehemu kubwa yao wanakaa katika mitaa ambayo haikupimwa.

Mahali pasipopimwa gari la kunyonya halifiki. Choo kikijaa mtu hana la kufanya ila kungoja mvua kubwa, akatoboa ukuta wa shimo, uchafu ukaenda na mafuriko. Wenyewe huita kutapisha choo. Unateremka mpaka mto Ng'ombe, unapita nyuma ya nyumba za watu wengine, na njiani mna visima na mabomba yaliyopasuka. Mpwa wangu aliponieleza haya nilinyamaza, kwa sababu nililikumbuka shamba langu. Nitalisema baadaye.

Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kiliingia Dar es Salaam, na kilianzia Kinondoni, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa na Sinza, Manzese na Tandale pamoja. Sisemi kwamba Sinza walisalimika. Mtu wa Sinza hula chakula mjini kama mwingine. Nasema kwamba mlango ulikuwa wazi zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kutoka hapo maradhi yalikwenda mikoani, na mpaka mwezi wa Aprili 2016 wagonjwa waliohesabiwa nchini walikuwa zaidi ya 24,000, na waliokufa zaidi ya 370.

Na sisi visiwani? Kilivuka mwezi wa Septemba 2015. Kabla hakijatulia mwaka uliofuata, wagonjwa wa Unguja na Pemba walizidi 4,000, na tulizika watu zaidi ya 60. Boti ya Dar es Salaam hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Mdudu wa kipindupindu, tangu aingie tumboni mpaka mtu aanze kuharisha, huchukua kati ya saa 12 na siku 5. Kwa hiyo abiria hushuka bandarini mzima, anasalimu watu, anapanda gari, anafika shamba. Tena wengi waliomeza mdudu huyu hawaugui kabisa, au huharisha kidogo tu, na hali wanamtoa chooni kwa siku kadhaa. Hapana askari wa bandari awezaye kumjua.

Wala si habari mpya. Daktari James Christie, Mwingereza aliyekuwa tabibu wa Sultani wa Unguja, aliandika kitabu kilichochapwa London mwaka 1876, akafuata nyayo za kipindupindu cha mwaka 1869 kutoka nchi ya Wamasai mpaka Pangani, na kutoka Pangani kwa vyombo mpaka Unguja. Kilifuata njia ya biashara. Siku hizi njia ni fupi zaidi, basi.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Kipindupindu hakiletwi na upepo wala harufu mbaya. Ni mdudu mdogo sana anayekaa katika kinyesi cha mgonjwa, akaingia katika maji au chakula, akamezwa na mwingine. Basi. Aliyeonyesha jambo hili kwa hesabu ni daktari John Snow wa London, mwaka 1854, kabla hata mdudu hajajulikana sawasawa. Kulikuwa na mitaa iliyopata maji kwa makampuni mawili, mabomba yao yakipita njia moja, nyumba hii kwa kampuni hii, ya jirani kwa kampuni ile. Kampuni moja ilichota katika mto Thames mahali penye uchafu wa mji. Ya pili ilikuwa imehamisha bomba lake juu zaidi, mahali pasafi. Snow akahesabu waliokufa. Katika kila nyumba 10,000 za kampuni ya kwanza walikufa watu 315. Za kampuni ya pili, 37. Njia moja, hewa moja, matajiri na maskini wamechanganyika; kilichotofautiana ni maji. Mimi kila nikilifikiri jambo hili naiona ile njia ya kutoka Sinza kwenda Tandale.

Na tiba yake ni rahisi kuliko hofu yake. Mgonjwa wa kipindupindu hauawi na mdudu, huuawa na kukauka maji mwilini. Aliyezidiwa akiachwa bila tiba anaweza kufa siku ile ile, na katika waliozidiwa sana hufa hata nusu. Wakitibiwa upesi, hafi hata mmoja katika mia. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh waliokuwa Bongaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundikia mishipani. Akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, tena akaruhusu ndugu zao wawanyweshe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa 30 katika kila mia. Wakawa hawafiki 4. Zingatieni kwamba ilikuwa kambini, katika matope, na waliosaidia kunywesha walikuwa ndugu wa wagonjwa.

Maji hayo kila mmoja wetu aweza kuyatengeneza. Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tia sukari vijiko 6 vya chai, vilivyosawazishwa juu, na chumvi nusu kijiko. Usizidishe chumvi kwa kudhani utazidisha nguvu. Chumvi nyingi hudhuru, hasa kwa mtoto. Mgonjwa anywe kila baada ya kuharisha, kidogo kidogo, hata akitapika angoje dakika kumi aanze tena. Na huku mnamnywesha, gari litafutwe. Maji haya ni ya kumfikisha hospitali, si ya kumbakisha nyumbani.

Vijana watasema kwamba mambo yote haya yamo katika simu. Ni kweli, na simu imeokoa watu, kwani mtu wa shamba sasa aweza kumpata Bwana Afya bila kutembea nusu siku. Lakini usiku mmoja pale Sinza, mtoto wa mpwa wangu alinisomea ujumbe uliokuwa ukizunguka kwa rafiki zake, unaosema kwamba ndimu na tangawizi hutosha kutibu kuharisha kwa kila aina. Uliandikwa vizuri, una mpaka alama za daktari. Nikamwuliza nani kauandika, hajui. Karibu na hapo pana kituo cha basi kiitwacho Kwa Remmy, kwa jina la marehemu Remmy Ongala, mwanamuziki aliyefariki mwaka 2010. Yeye aliimba wimbo wa kuwaonya watu wajikinge na UKIMWI, redioni ukakataliwa kwa kuonwa hauna adabu, na watu wakaujua hivyo hivyo. Twaona basi kwamba neno la kweli laweza kufungiwa mlango, na la uwongo likapita. Ukipata habari ya dawa katika simu, mwulize mganga wa kituo chako kwanza.

Sasa nirudi shambani, kama nilivyoahidi.

Msimu mmoja nilikuwa na wachumaji wapata 40, wengine wa hapa, wengine wa kutoka mbali. Karafuu zilikuwa nyingi nami nilikuwa na haraka, nikitazama mawingu tu. Choo kilikuwa kimoja, nilichokichimba upande wa juu kwa sababu udongo wa huko ni laini. Kisima kilikuwa bondeni, hakina mfuniko, na kila mtu alichota kwa kopo lake. Siku ya sita walianza kuharisha. Haikuwa kipindupindu, namshukuru Mungu, na hapana aliyekufa. Lakini watu 11 walilala, mmoja wao mwanamke mwenye mtoto wa kunyonya, na mimi nilikasirika kwa sababu karafuu zinaiva zikipasuka juu ya mti. Nilisema maneno ambayo sipendi kuyarudia, kwamba watu wa kambi hawajui usafi. Mpaka nilipoyasikia maneno hayo hayo Sinza, mtu mmoja akiwasema watu wa Tandale, sikuwa nimejua kwamba nilijisema mwenyewe. Mwenye ramani ya shamba lile nilikuwa mimi.

Basi haya ndiyo niliyoelezwa na Bwana Afya niliporudi. Choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20; kwa watu 40 viwe viwili, na wanawake wawe na chao. Kiwe mbali na kisima si chini ya mita 30, tena upande wa chini wa mteremko. Kila mtu apate maji lita 15 kwa siku, ya kunywa, kupikia na kuoga. Kwa watu 40 ni lita 600, yaani madumu 30. Nilishtuka niliposikia hesabu hiyo, maana mimi nilikuwa nikileta madumu manane na kujiona mkarimu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, yawekwe katika chombo chenye mfuniko na bomba ili mikono isiingie. Penye mlango wa choo pawe na maji na sabuni. Sabuni ikikosekana, jivu. Anayepika asiwe mtu anayeharisha, naye alipwe siku zake za kupumzika, la sivyo ataficha.

Kuficha ndiko kunakoua. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Asiyepanda mti hana kitu jioni. Kwa hiyo ataharisha maji meupe kama ya mchele na asiseme, mpaka miguu imkaze. Mwambieni tangu siku ya kwanza kwamba akisema hatapoteza ujira wake. Na ikitokea mauti, Mungu atuepushe, msianze kumwosha maiti kabla ya kumwita Bwana Afya. Yeye atafuatana na masheikh kuwaonyesha namna ya kumwosha kwa heshima bila ya kuwapata wengine.

Chanjo ipo pia. Mwaka 2009 ilitolewa katika shehia 6 za Unguja na Pemba, na karibu nusu ya watu walipata dozi zote mbili. Wachunguzi waliona kwamba iliwakinga walioinywa kwa kiasi cha 79 katika mia, na hata majirani wasiokunywa walipata nafuu. Ikiletwa tena kwenu, nendeni na wachumaji wenu pia, si watoto wa nyumba peke yao.

Shambani kwangu choo cha zamani kimefukiwa. Vipya viwili vimechimbwa upande wa chini. Kimoja kimekwisha, cha wanawake kimebakia mlango, na fundi ameahidi kuuleta Jumamosi. Kisima kimepata mfuniko. Madumu 30 bado sijayatimiza, ninayo 22, na mwenye kuwa nayo ya ziada aniazime mpaka mwisho wa msimu.