Nasoma nyumbani, nitafanyaje mtihani?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 16, naishi Tanga. Tangu nimalize darasa la saba mama ananifundisha nyumbani. Baada ya sala ya alfajiri nasoma Kurani, kisha hisabati hadi adhuhuri, jioni nawalea wadogo zangu. Nampenda mama, ila nina upweke, na sijui kama nitapata cheti. Nikimwambia, si nitakuwa nimekosa shukrani?

Jibu: Marahaba, binti yangu. La cheti lina njia. Aliyemaliza la saba bila kupitia sekondari hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, yaani QT, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani. Ukifaulu, unajisajili kwa mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nendeni wewe na mama kwenye ofisi ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima mkoani mwenu. Masomo ya kujiandaa na mitihani hii ndiyo kazi yao, na darasani kwao utakutana na wenzako.

Upweke ndio ulionigusa zaidi. Kutamani wenzako si utovu wa shukrani, wala imani haikupungui. Nimefundisha mabinti wengi walionyamaza kwa heshima, hadi mzazi akadhani mambo ni shwari. Mama yako amekupa alfajiri zake miaka yote hii. Anastahili kuambiwa ukweli. Mwambie mkiwa wawili, wadogo wakishalala. Anza na shukrani, kisha umwombe siku 2 za darasani kila wiki. Usingoje hadi dirisha la usajili lifungwe.