SOMO LA WIKI: KUMKUMBUKA ASKARI ALIYEFIA MBALI

Miongoni mwa Wabukusu wa Bungoma, afapo mzee mwenye heshima, watu hukusanyika baada ya mazishi kusikiliza kumuse. Msemaji mwenye kazi hiyo husimama akaeleza asili ya ukoo, mwenendo wa marehemu, na mafundisho yawafaayo walio hai. Desturi hii yaonyesha kwamba mtu hukumbukwa kwa jinsi alivyoishi, wala si kwa kufa kwake tu.

Lakini wako wengi ambao hawakurudi nyumbani kuzikwa. Katika vita vya 1914 hadi 1918, maelfu ya watu wa Kavirondo ya Kaskazini, ambayo Bungoma ilikuwa sehemu yake, walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza huko Tanganyika. Yakadiriwa kwamba wapagazi 95,000 wa jeshi hilo walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa. Kuanzia 1919, ardhi ya jirani, Trans Nzoia, kuuzunguka mji wa Kitale, iligawiwa askari wa Kizungu waliotoka vitani. Wapagazi hawakupewa mashamba hayo, na wengi waliokufa hawakuandikwa majina yao penye ukumbusho wo wote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa jambo hilo.

Vita vya pili navyo viliwachukua vijana mpaka Abisinia na Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani ipitayo chini ya maji, ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Bahari haina kaburi la kupaliliwa.

Basi yafaa jamaa wa askari wa namna hii wafanye mambo manne.

Kwanza, waandike majina yake yote, la baba yake, ukoo, kijiji, na rika lake la tohara, maana kwa rika miaka hujulikana.

Pili, watafute namba yake na kikosi chake katika barua za zamani za jeshi.

Tatu, wawaulize wazee habari za maisha yake: alilima wapi, alipenda nyimbo gani, alimwacha nani nyumbani.

Nne, waweke nakala moja nyumbani na nyingine shuleni au kanisani. Kisha watazame kama jina lake limo katika orodha za Tume. Kama halimo, wapeleke habari pamoja na ushahidi.

Kazi hii haifai kuahirishwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 meli ile ilipozama amekwisha kupita miaka 90. Mzee kama huyo akifa kabla ya kuulizwa, askari yule atabaki jina tu, au hata jina lisibaki.