Mbaruk Wawili: Somo la Kusoma Barua za Kale

Mwaka huu nimepewa nafasi nieleze habari za barua za kale, nami nimechukua mfano wa karibu, Takaungu.

Mji huo ulikaliwa na Wamazrui baada ya Seyyid Said kuwanyang'anya Mombasa mwaka 1837. Ndugu zao wengine walikwenda Gasi. Mwaka 1895 mkubwa wa Takaungu, Salim bin Khamis, akafariki. Nani arithi? Mbaruk bin Rashid, mtoto wa nduguye, alikuwa mkubwa kwa umri, na wengi walimwona ndiye mwenye haki. Lakini Kampuni ya Kiingereza ikamtaka Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, kwani alikuwa rafiki yao. Wakapigana. Mbaruk akashindwa, akakimbilia Gasi. Na mkubwa wa Gasi je, aliitwa nani? Mbaruk bin Rashid!

Hebu fikirieni karani aliyepokea barua yenye jina hilo. Ndiyo maana husemwa Mbaruk wa Gasi na Mbaruk wa Takaungu. Kwa hiyo ukishika barua ya zamani usitazame jina tu. Tazama mahali, na tarehe pia, ambayo mara nyingi ni ya Hijra: mwaka 1313 ulianza Juni 1895.

Wakati ule Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu. Barua huanza "ila jenabi", yaani kwa mheshimiwa, zikafuata sifa na salamu, ndipo jambo lenyewe. Hata aliyekasirika huanza kwa heshima (siku hizi tunaanza na "nipe pesa zangu").

Taabu iko kwenye herufi. Kiarabu hakina P, na waandishi wengi walitumia herufi ya B kwa P na kwa MB vilevile. Basi bata, pata na mbata huandikwa sawasawa! Babu yangu hutambua kwa maneno ya kando: zikitajwa nazi, hiyo ni mbata. Sisi wa kidato cha tatu hati hizo hatuzisomi, na wazee wanaozijua wanapungua.

Mwaka 1896 Mbaruk wa Gasi alivuka mpaka na wafuasi wake kwa Wajerumani, akaishi uhamishoni Dar es Salaam. Waingereza waliwaita wote wawili waasi. Mimi kwa huyu wa Takaungu sikubali. Himaya ilitangazwa Julai 1, 1895, na ugomvi wa urithi ulikuwa umeshaanza. Alimwasi nani?