Gari Kuukuu na Amani ya Nyumba



Mahindi ya Trans Nzoia yakishauzwa, kuanzia Desemba hivi, wazo la gari jipya huingia katika nyumba nyingi za Kitale. Bungoma pia huingia. Fedha ziko mkononi, gari la zamani limewalaza njiani mara mbili, na jirani ameleta lingine linalong'aa. Mume husema, "Hili tuliuze." Mke huikumbuka karo ya Januari, akanyamaza. Kunyamaza huko mume hukuhesabu kuwa ni kukubali, na kufikia mwezi wa Machi, mbegu na mbolea zinapohitajika, hawasemezani vizuri.

Kwa hiyo kabla hamjakwenda kutazama gari lolote, ketini wawili na kalamu. Tuseme mnakopa shilingi 800,000 kutoka chama cha akiba na mikopo, kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi juu ya salio linalopungua, mlipe kwa miaka minne. Kila mwezi mtatoa karibu shilingi 21,070, na mwishowe mtakuwa mmelipa zaidi ya shilingi 1,011,000. Ongezeni bima kubwa, kwa maana mkopeshaji kwa kawaida haridhiki na ile ndogo ya kulinda watu wengine barabarani. Sasa wekeni kando yake gari mlilo nalo. Mkilitengea shilingi 7,000 kila mwezi, iwe limeharibika au halikuharibika, kwa mwaka mtakuwa na shilingi 84,000 za matengenezo. Gari dogo lililotunzwa halimalizi fedha hizo kila mwaka, na mwaka litakapodai injini ifunguliwe, akiba itakuwapo.

Tena, hilo "jipya" ni jipya kwa nani? Mengi tunayonunua ni ya mtumba kutoka Japani, na sheria za Kenya huruhusu gari kuingia nchini mradi halijapita miaka minane. Mnanunua uzee wa mtu mwingine msiyemjua. Uzee wa gari lenu mnaujua: mnajua lilitiwa nini, liligongwa wapi, na ni mlango gani haufungi vizuri.

Wazee wetu walilielewa jambo hili. Peugeot 504, ambayo ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968 na kushinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978, ilibeba abiria, magunia na kuku katika barabara za magharibi mwa Kenya miaka mingi baada ya rangi yake kupauka. Lilikuwa gari imara, ndiyo, lakini lilidumu pia kwa sababu mafundi walilijua na vipuri vyake vilipatikana. Swali hilo liulizeni na kwa gari lenu: je, fundi wa hapa kwetu analijua, na vipuri vyake vinapatikana bila kuagizwa Nairobi? Jibu likiwa ndiyo, lina maisha bado.

Hebu tuitazame barabara yenyewe. Kitale iko juu, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari; Bungoma iko chini yake kwa mita kama 500. Ukishuka kwa Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, breki ndizo zinazofanya kazi. Ukirudi, injini ndiyo inayoumia, hasa gari likiwa na watoto watano na gunia la viazi vitamu vya nyanya yao. Katika mwinuko wa Kitale maji ya sufuriani huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, hayangoji 100. Ndani ya rejeta hayachemki mapema hivyo kwa kuwa kifuniko chake huyabana. Kifuniko kikilegea, maji huchemka na kumwagika, dereva anaendelea kwa kuwa Kitale iko karibu, na gasketi ya silinda hedi inaungua. Kifuniko ni kitu cha shilingi mia chache. Kazi ya gasketi inaweza kula karo ya muhula. Basi tazameni kifuniko na mipira yake, tieni maji safi yenye dawa ya rejeta badala ya maji ya mtoni, na mshale wa joto ukipanda, simameni. Msifungue rejeta ikiwa moto. Mvuke wake huchoma uso.

Oili ibadilishwe kila kilometa 5,000 pamoja na filta yake. Asubuhi, kabla ya kuwasha, chomoeni kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na gari lisitoke nyumbani. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta yaliyozidi. Mkanda wa ndani wa injini, kwa gari lenye mkanda, ubadilishwe kwa kilometa zilizoandikwa na mtengenezaji, kwani ukikatika huweza kuvunja vali.

Haya yote si kazi ya baba peke yake. Mara nyingi mama ndiye husikia mlio wa kwanza, kwa sababu yeye hukaa upande ule akiwa hana usukani wa kumshughulisha. Akisema, "Baba, kuna kitu kinagonga huku mbele," asijibiwe, "Mama, wewe unajua nini kuhusu magari?" Mguu uliolegea hausikilizi jinsia. Wekeni daftari moja ndani ya gari, wote wawili mwandike humo: tarehe, kilometa, kilichobadilishwa, bei, jina la fundi. Daftari hilo huondoa shaka mbili zinazokula ndoa kimyakimya. Mke huacha kujiuliza kama fedha za "fundi" zilifika kwa fundi, na mume huacha kuhisi kwamba anapelelezwa.

Hali kadhalika hati ya gari. Wako wanaoipeleka kwa wakopeshaji pasipo mwenzao kujua, na gari likachukuliwa mchana watoto wakitazama. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inataka idhini ya wote wawili kabla ya mali ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani, na gari mnalolimiliki kwa pamoja limo. Lakini nyumba inayongoja kukumbushwa na wakili imekwisha chelewa.

Kubana matumizi kuna mipaka. Tairi zilizolika na breki hazingojeshwi hadi mavuno. Kama hakuna fedha za breki, watoto wapande matatu. Na liko gari ambalo limefika mwisho wake. Kutu ikishakula fremu, au daftari likionyesha kwamba kwa miaka miwili mfululizo mmetumia zaidi ya bei ambayo gari lingeuzwa, liuzeni, mkimwambia mnunuzi ukweli wa hali yake.

Jumamosi hii, kabla ya safari ya Misa ya kesho yake, fungueni boneti pamoja, gari likiwa limepoa. Mmoja ashike kijiti cha oili, mwingine aandike. Kisha mjibizane mambo matatu: tumetumia kiasi gani kwa gari hili tangu Januari iliyopita? Ni nani kati yetu anayeona haya nalo, na mbele ya nani? Na zile shilingi 7,000 zitatoka wapi mwezi huu?