Kolesteroli Ikipanda, Uliza Pia Habari za Thairoidi

Msomaji, huenda umewahi kupimwa damu ukaambiwa kolesteroli imepanda, na lawama ya kwanza ikaangukia sahani yako. Hapa Kesses sisi madaktari tuna washtakiwa wetu wa kila siku: nyama choma, mursik na mafuta ya kupikia. Mara nyingi hatukosei. Lakini yuko mkosaji mwingine akaaye shingoni, naye husahaulika.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kuniona akiwa amevaa sweta mbili mchana wa jua. Nilimpima, nikakuta kolesteroli iko juu. Nikamwambia aache mursik, nikamwandikia vidonge vya statini. Majuma machache baadaye alirudi akilalamika kwamba misuli yamuuma, hata kupanda matatu ni kazi. Sauti yake ilikuwa nzito. Hapo ndipo nilipoagiza kipimo ambacho ningekiagiza siku ya kwanza, tukagundua kuwa thairoidi yake imelegea. Mtu mwenye hali hiyo huumizwa misuli na statini kwa urahisi zaidi. Kosa lilikuwa langu. Nyanda hizi ziko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila mgonjwa hapa husema anahisi baridi.

Thairoidi ni tezi yenye umbo la kipepeo, iliyo chini kidogo ya kongomeo. Hutengeneza homoni kwa madini ya iodini. Homoni hiyo husafiri katika damu hadi kwenye ini, ikaingia ndani ya kiini cha seli na kuziamsha jeni fulani. Mojawapo ni jeni ya vipokezi, yaani mikono midogo ya seli inayodaka kolesteroli mbaya na kuiondoa katika damu. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa uchunguzi wao wa jambo hilo.

Baadaye wao na wenzao walitambua protini iitwayo SREBP, ambayo naifananisha na mtunza ghala. Seli ikipungukiwa na kolesteroli, protini hii hukatwa pale ilipofungwa, ikaenda kwenye kiini na kuwasha jeni za kutengeneza kolesteroli pamoja na za kuongeza mikono ile. Homoni ya thairoidi ndiyo inayosaidia mtunza ghala huyu apatikane wa kutosha. Homoni ikipungua, mikono nayo hupungua, na kolesteroli hubaki ikizunguka katika damu hata kama umekula sukuma wiki mwezi mzima.

La ajabu ni kwamba njia hii hupitika pande zote mbili. Katika seli za thairoidi za panya, watafiti wameona SREBP ikiiwasha jeni ya mlango unaoingiza iodini ndani ya tezi. Kwa hiyo msimamizi wa mafuta ana neno pia katika kutengenezwa kwa homoni. Hayo bado ni mambo ya maabara, usije ukabadilisha chakula ukidhani utaiamsha tezi.

Wala usiongeze chumvi. Sheria ya kutia iodini katika chumvi ya Kenya ni ya tangu 1978, na chumvi nyingi itakupandishia presha tu. Tezi nyingi hulegea kwa sababu kinga ya mwili imezishambulia, au baada ya upasuaji wa rovu.

Basi ukiambiwa kolesteroli imepanda, na huku unachoka, ngozi imekauka, choo kigumu, unanenepa bila sababu au hedhi imezidi, muulize daktari wako kuhusu kipimo cha damu kiitwacho TSH. Ikiwa tayari unatumia statini, usiziache kabla ya kushauriana naye.

Yule mama sasa humeza kidonge cha thairoidi alfajiri kwa maji matupu, akasubiri nusu saa au zaidi kabla ya chai, maana maziwa huizuia dawa isiingie vizuri mwilini. Miezi michache baadaye kolesteroli yake ilishuka bila statini. Mursik anakunywa.