Gundi ya Viatu: Usimkimbize Mtoto Aliyeivuta

Dawa za kulevya zikitajwa Kisumu, wengi hufikiria bangi, au chang'aa ya Obunga. Lakini kipo kilevi kinachouzwa mchana kweupe na kutumiwa hata na watoto wadogo: gundi ya viatu. Mkazi anayepita kituo cha mabasi au Kondele jioni huenda amemwona kijana aliyeficha chupa ndogo ya plastiki ndani ya mkono wa sweta, akiinusa.

Kinacholevya ni mvuke. Gundi nyingi za ngozi na mpira huwa na kemikali iitwayo tolueni, ambayo mvuke wake ukivutwa hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache. Mtoto huchangamka kidogo, huona kizunguzungu, kisha husinzia. Makali ya njaa na baridi hupungua, na hiyo ndiyo sababu anayelala nje huing'ang'ania. Akiendelea kuivuta, ubongo, neva na figo huharibika.

Hili si tatizo la watoto wa mitaani pekee. Mzazi au mwalimu aangalie harufu kali kwenye nguo, wekundu au vidonda kuzunguka pua na mdomo, ulimi mzito, na kusinzia darasani bila sababu.

Hatari kubwa zaidi haijulikani na wengi. Tolueni huufanya moyo uwe rahisi kuvurugika. Aliyetoka kuvuta gundi akishtuliwa ghafla au kukimbizwa, mapigo ya moyo yanaweza kwenda mrama akafa papo hapo, hata kama ndiyo mara yake ya kwanza. Mwenye duka, askari au mwanabodaboda anayemfukuza kwa fimbo na kelele anaweza kumuua bila kumgusa.

Basi mzungumzie kwa sauti ya chini. Mtoe penye hewa safi na umwache atulie. Usiwashe sigara wala jiko karibu naye, kwani mvuke huo hushika moto haraka. Akipoteza fahamu lakini anapumua, mlaze kwa ubavu na utafute msaada wa hospitali mara moja.

Wauzaji nao wana sehemu yao. Mwaka 1969, kampuni ya Testor ya Marekani ilitia mafuta ya haradali kwenye gundi yake ili iwashe pua ya anayeinusa. Muuzaji wa hapa hahitaji kungoja kiwanda. Fundi wa viatu hununua mkebe. Mtoto anayekuja na chupa tupu apimiwe gundi ya shilingi chache hana kiatu cha kushona, na muuzaji analijua hilo.

Anayetaka ushauri kuhusu uraibu apige 1192, simu ya bure ya NACADA. Mtoto akiwa hatarini, piga 116, nayo pia ni bure.