SOMO LA KOMPYUTA: KUIONYESHA SWICHI NJIA YA KUPITA



Wengi mnakumbuka jioni ile kijana mmoja alipokuwa akituma fomu ya kuomba nafasi ya chuo. Ilikuwa siku ya mwisho. Nje ya kituo watu walikuwa wakitazama mpira kwenye simu zao. Fomu haikufika. Kosa halikuwa la watazamaji. Kituo kina laini mbili, lakini swichi ilikuwa ikipitisha watu wote kwenye laini moja, na ya pili imekaa bure.

Leo tujifunze namna ya kurekebisha jambo hili.

Swichi hufikiri namna gani?

Kwa kawaida swichi yenye uwezo wa kuelekeza njia huuliza swali moja tu: "Pakiti hii inakwenda wapi?" Haijali imetoka kwa nani. Tukiiwekea kanuni, itauliza kwanza: "Imetoka kwa nani?" Ndipo ichague njia.

Laini zetu

Laini ya kwanza ni ya setilaiti. Setilaiti hiyo iko angani umbali wa kilomita 36,000 hivi, kwa hiyo swali na jibu lake huchukua zaidi ya nusu sekunde. Laini ya pili ni ya mtandao wa simu. Hiyo hujibu upesi, lakini bando lake huisha. Kamati imekubaliana: chumba cha masomo kipite laini ya pili, wengine wabaki kwenye setilaiti.

Tuseme chumba cha masomo kina anwani za 10.0.20.0, ruta ya setilaiti ni 10.0.1.1, na ruta ya simu ni 10.0.2.1. Amri hizi ni za swichi za Cisco.

Hatua ya 1. Washa uelekezaji na uweke njia ya watu wote:

ip routing
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 10.0.1.1

Hatua ya 2. Taja wanaohusika:

access-list 101 deny ip 10.0.20.0 0.0.0.255 10.0.0.0 0.255.255.255
access-list 101 permit ip 10.0.20.0 0.0.0.255 any

Mstari wa deny haufungi mtu. Maana yake ni kwamba pakiti za humu humu kituoni, kama za kwenda kwenye printa, zifuate njia ya kawaida. Ukiusahau, zitatupwa nje.

Hatua ya 3. Andika kanuni:

route-map MASOMO permit 10
match ip address 101
set ip next-hop 10.0.2.1

Hatua ya 4. Iweke mahali pakiti zinapoingilia:

interface vlan 20
ip policy route-map MASOMO

Wengi hukosea hapa kwa kuiweka upande wa kutokea. Kanuni husomwa mlangoni pa kuingilia.

Hatua ya 5. Kwenye kompyuta ya chumba cha masomo andika tracert 8.8.8.8. Mstari wa pili ukionyesha 10.0.2.1, umefaulu. Kisha hifadhi kazi yako kwa copy running-config startup-config, la sivyo umeme ukikatika yote yatapotea.

Tahadhari

(a) Swichi za zamani za aina ya 3560 na 3750 hutaka kwanza amri sdm prefer routing, kisha kuzimwa na kuwashwa. Pia hazifanyi kazi vizuri na mstari wa deny. Soma kitabu chake kabla ya kuanza.
(b) Ruta ya simu lazima ijue kurudisha majibu kwa 10.0.20.0. Bila hivyo swali litatoka, jibu halitarudi.
(c) Bando likiisha huku ruta bado inawaka, swichi haitajua. Itaendelea kupeleka pakiti huko zikapotee. Ondoa kanuni kwa no ip policy route-map MASOMO chini ya interface vlan 20, na wanafunzi watarudi kwenye setilaiti.

Mwisho, kumbukeni kwamba swichi haijui haki. Hufuata tulichoandika. Kwa hiyo kanuni ijadiliwe kwanza na watu, ndipo iandikwe.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini laini ya pili ilikaa bure?
2. Mstari wa deny unafanya kazi gani?
3. Bando likiisha utafanya nini?

Mwenye swali afike kituoni, tutajaribu pamoja.